Ghalani na Bwana Shamba: "Chambo kimeliwa, panya bado wanacheza ngoma darini"

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Nachingwea, nanunua ufuta na mahindi kidogo kidogo na kuhifadhi kwenye chumba cha uani. Panya wamenitoboa magunia manne. Nilinunua chambo cha bluu duka la pembejeo, usiku wa kwanza wakakimaliza chote. Leo siku ya tatu sijaona hata mzoga mmoja. Jirani anasema nimeuziwa feki, nikachukue ile nyeusi ya kwenye vijikaratasi inayouzwa stendi, panya anakufa hapo hapo. Nichanganye zote mbili? Nina kuku, paka mmoja na mjukuu wa miaka mitatu.
— Mama Mjukuu

JIBU: Marahaba, mama. Usichanganye, na ile ya vijikaratasi usiiingize ndani kabisa. Sumu isiyo na jina, isiyo na maelezo wala namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, huwezi kujua ni nini. Mtoto akiilamba, daktari naye atabaki anabahatisha.

Kuhusu mwenye duka, siku ya tatu ni mapema mno kumshitaki. Soma pakiti yako: ukikuta brodifakumu au bromadioloni, hiyo ni sumu ya kuzuia damu kuganda. Kazi yake ni kufunga njia ambayo mwili hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Vile vilivyokuwamo mwilini vinaendelea kutumika mpaka viishe, ndipo panya anaanza kuvuja damu kwa ndani. Hesabu siku tatu hadi saba, wengine hata kumi. Na wengi watafia shimoni au darini, kwa hiyo usisubiri kuokota mizoga mlangoni.

Huko kuchelewa ndiko kunakoifanya iwe na nguvu. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Zamani, kwenye ghala moja la korosho, nilitega zinki fosfidi, sumu inayoua haraka, kwenye pumba. Asubuhi ya kwanza nikaokota panya kumi na mmoja, nikatembea kifua mbele kama mwenye ghala. Usiku wa tatu hakuna aliyegusa pumba, na wiki mbili baadaye magunia yanatobolewa vilevile. Panya aliyeonja kidogo akaumwa tumbo usiku uleule hasahau, chambo kile hakigusi tena. Hii yako akiila Jumatatu na kuugua Alhamisi, hawezi kujua kilichomuumiza.

Sasa wewe umekosea mahali pawili. Kwanza, kimeliwa chote na hukurudishia. Wakubwa wamekula wakashiba, wanyonge hawakupata. Kama ni brodifakumu, rudishia baada ya wiki, na tena wiki inayofuata, mpaka kibaki bila kuguswa. Zile za zamani kama warfarini zinataka panya ale siku kadhaa mfululizo, hivyo chambo kisikauke hata usiku mmoja. Fuata kipimo cha pakiti. Ukiongeza, huongezi kasi: kwa kawaida kilo 20 za chambo cha brodifakumu zina gramu 1 tu ya sumu yenyewe, na inatosha.

Pili, nina hofu ulikiweka wazi sakafuni. Chukua bomba la plastiki la inchi 4, ukate kipande cha mita moja, chambo ukifunge kwa waya katikati. Kuku hafikishi shingo, mtoto hafikishi mkono. Lilaze kandokando ya ukuta, kwani panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Hao wa darini ni wapandaji, wafungie bomba jingine juu ya ukuta, chini ya kenchi. Hujui wanapita wapi? Nyunyiza majivu jioni, asubuhi utasoma nyayo. Ukishatega, usihamishehamishe. Panya ana wasiwasi na kitu kipya, anaweza kukizunguka siku kadhaa kabla ya kuonja. Vaa glavu, na chambo usikiweke kabati moja na mafuta ya taa.

Na magunia yainue juu ya vichanja, mbali na ukuta, ufagie ufuta uliomwagika. Penye ufuta wa bure, nani atakula donge la bluu?

Mizoga okota kwa glavu kila asubuhi, fukia kwa kina. Paka akimla panya mwenye sumu naye anaweza kufa, na bundi vilevile. Najua huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanatafuta mchawi, lakini yule ni mwindaji wa panya asiyedai mshahara.

Mjukuu akila chambo, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo na pakiti mkononi, hata kama anacheza na kucheka, maana kwake pia dalili huchelewa: fizi kutoa damu, puani, alama za damu chini ya ngozi, choo cheusi. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, na anayeipima ni daktari.

SWALI: Babu, tuko Tandahimba. Tumetega sumu ya brodifakumu kwenye stoo iliyo pembeni ya shamba. Bibi anasema panya wa shambani tunaowanasa kwa mitego tuendelee kuwala, kwani tunawachoma na kuwakausha vizuri. Ni sawa?

JIBU: Mwambie bibi namheshimu, na kitoweo chenyewe nimekula tangu sijaanza shule. Lakini moto hauiondoi sumu hii. Brodifakumu hukaa kwenye ini miezi, na panya huzunguka siku kadhaa akiwa nayo kabla ya kufa, hivyo mtego wako unaweza kumnasa aliyekwisha kula stoo. Kwa macho humtambui. Karibu na stoo hiyo msinase wa kula msimu huu wote. Kama bibi hataki kuacha, ondoeni sumu, mtege stoo kwa mitego ya kubana. Hapo, msimu huu ukishapita, ataendelea kula wa shambani bila ugomvi na mimi.