Mnauliza kuhusu visima: ziba kwanza, dawa baadaye

Mafuriko yalifunika kisima chetu cha pete za zege. Maji yana rangi ya chai na pete ya juu ina ufa. Niweke dawa kiasi gani? (Mbagala)

Dawa iache dukani kwanza. Usipoziba huo ufa, mvua ijayo maji ya uani yataingia tena na klorini utakuwa umeimwaga bure. Fundi auchokonoe, aujaze saruji, kisha azibe maungio ya pete hadi kama mita 3 kwenda chini. Mdomo uinuliwe walau nusu mita, na uzungushiwe zege la upana wa mita moja lenye mteremko wa kutoa maji nje. Mfuniko uwe wa kufunga, si bati lililoegeshewa jiwe.

Hapo ndipo mvute maji, mtoe tope na kusugua kuta. Kisima kikijaa tena, pima kina cha maji. Pete ya kipenyo cha mita 1 hubeba karibu lita 785 kwa kila mita, na kila mita inatoshwa na gramu 60 za unga wa klorini wa asilimia 70. Ukoroge kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, ukituama mimina maji ya juu kisimani. Iache kisimani usiku mzima, kesho yake vuta maji mpaka harufu iishe. Ya kunywa chemsheni hadi maabara iyapime. Vile vidonge vya kutibu lita 20 za maji ni vya ndoo, si vya kisima, jamani.

Fundi anataka kushuka na pampu ya petroli ili avute haraka. (Tanga)

Mkatalie! Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu. Ikijaa shimoni humwangusha mtu kabla hajaomba kamba. Injini ibaki juu, mbali na mdomo. Na akizimia, asishuke mwingine kumfuata: wengi hufa wawili wawili kwa njia hiyo. Afungwe kamba tangu mwanzo.

Maji yamegeuka chumvi. Tuongeze kina mita 5? (Kigamboni)

Mtazidisha chumvi. Pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari. Mota ikivuta kupita kiasi, ya chini hupanda. Vuteni kidogo kidogo, mkipumzisha kisima.

Jirani anachimba choo mita 12 kutoka kisimani. (Bagamoyo)

Umbali unaoshauriwa ni mita 30, ingawa kwenye viwanja vya 20 kwa 20 nani anao? Kazungumze naye leo, kabla hajajenga. Akigoma, mwone bwana afya wa kata.