Jibu: Wafanyakazi wa zamani wanagomea mfumo mpya

Mkuu, hongera kwa ukurugenzi. Unasema wafanyakazi wa zamani wanagomea mfumo mpya wa mauzo. Kabla ya kuwabana, shinda nao kaunta uone wanautumiaje. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, ililenga marejesho ya mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa. Safaricom ikafuata walikoelekea wateja, na Machi 2007 ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa. Bosi king'ang'anizi angewaona wakorofi tu.

Ila nahisi kwako tatizo ni ajira: keshia anaogopa kompyuta itamtoa. Kama hapunguzwi mtu, waandikie barua useme hivyo. Kama wapo watakaopunguzwa, waambie mapema, maana tetesi zikikutangulia hata mafunzo hawatahudhuria.