Urefu wa arei kwenye C: usiutafute ndani ya funksheni, uupeleke

Vijana wanaojifunza lugha ya programu ya C huniletea programu zao nizipitie, na kuna mstari mmoja ambao siku hizi huanza kuutafuta kabla ya kusoma kitu kingine chochote:

```c
double wastani(int joto[]) {
    int n = sizeof(joto) / sizeof(joto[0]);
```

Mwenye programu ana vipimo vya joto vya siku 7 kwenye arei, yaani orodha ya thamani za aina moja zilizopangwa mfululizo. `sizeof` hutoa ukubwa kwa baiti, na hesabu hiyohiyo ndani ya `main` ilimpa 7: baiti 28 kugawanya kwa 4. Ndani ya funksheni, kwenye kompyuta ya biti 64, inampa 2. Programu inakwenda vizuri tu hadi mwisho, ila wastani inaotoa ni wa siku mbili za kwanza. Kwenye Arduino Uno, ambako pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) ni baiti 2 na `int` ni baiti 2, angepata 1.

Arei yenyewe haiingii kwenye funksheni. Kinachoingia ni anwani ya kipengele cha kwanza. Mabano ya `joto[]` hapo juu ni pambo tu, kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako) inayasoma kama `int *joto`, yaani pointa. Hata ukiandika `joto[7]`, ile 7 haisaidii kitu. Kwa hiyo `sizeof` inapima pointa, ambayo kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8: 8 kugawanya kwa 4 ni 2.

Kinachonitisha zaidi ni pale jibu linapotoka sahihi kwa bahati. Jaribu kwa arei ya `int` mbili, au ya `char` nane, kwenye mashine hiyo ya biti 64: utaapa kwamba kazi imekwisha.

Dawa ni kupeleka urefu pamoja na arei:

```c
double wastani(const int *joto, size_t n);

wastani(joto, sizeof joto / sizeof joto[0]);
```

Anayeita ndiye anayejua idadi, basi aiseme. Wengine huona ni usumbufu, lakini maktaba ya C yenyewe ndivyo inavyofanya: `qsort`, ya kupanga arei, inadai idadi ya vipengele; `fgets`, ya kusoma mstari, inadai ukubwa. `gets`, ambayo haikuwahi kuuliza, iliondolewa kwenye toleo la C11. Kumbukumbu uliyoomba kwa `malloc` ni hivyohivyo, tena hapo `sizeof` haikufai hata ndani ya `main`. Hifadhi idadi tangu unapoomba.

Kuna wanaopenda kuweka -1 mwishoni iwe alama ya kikomo. Kwa stringi (maandishi) mtindo huo unafaa, maana `'\0'` haitumiki kama herufi ndani ya maandishi. Kwa joto, hapana. Dar hutaiona -1, lakini tia kipimo chako ndani ya friza uone.

Halafu soma maonyo ya kompaila. Kompaila ya GCC hukuonya bila kuombwa ukitumia `sizeof` kwa parameta iliyoandikwa `joto[]`. Ukiiandika `int *joto`, hesabu ileile inaweza kupita kimyakimya mpaka uwashe `-Wall`, swichi ya maonyo zaidi.