Madogo wa leza, isomeni mbao kabla hamjagusa pawa

Juzi tena kaja dogo ofisini na kipande cha paini mkononi, ukingo mweusi tii, herufi zimevimba, ananiambia kaka tyubu yangu, ile inayotoa mwanga wa leza, imechoka nataka kununua nyingine. Mashine yenyewe ya wati 80, mbao milimita 9! Nikaishika ile mbao, nzito na ya baridi. Tyubu haina kosa lolote jamani, mbao ndo mbichi. Na hii siyo mara ya kwanza, kila msimu wa mahafali na harusi napokea kesi hiihii, ndo maana nimekaa kuandika, maana nawapenda na inaniuma kuona mtu anachoma hela kwa kitu ambacho angekijua kwa kiganja tu.

1. Usiniombe setingi za paini. Setingi zangu ni za mbao yangu. Paini zetu nyingi zinashuka kutoka Mufindi huko Sao Hill na Njombe, aina ya patula kwa wingi, na hata mbao mbili za mti mmoja hazifanani. Angalia ile mistari: sehemu nyeupe ni laini, sehemu ya kahawia ni ngumu na imeshiba. Leza inakula laini inaacha ngumu, ukichonga eneo pana linatoka na migongo kama bati. Kuna mtu alichonga picha ya bi harusi kwenye paini ya mistari mipana, mashavu yote yakatoka na mistari, mama mkwe akauliza hizi ni chale? Picha za sura peleka kwenye plaiwudi nzuri. Paini ipe maandishi manene, nembo, vitu vyenye mwili. Na kipande cha majaribio kikate kwenye mbao ileile ya oda, siyo kwenye kile kinachozurura chini ya meza tangu masika.

2. Unyevu. Hapa naomba mnivumilie.

Nilipata oda ya vibao vya kumbukumbu vya mahafali, shule moja hapa mjini, vibao vya umbo la ngao vyenye nembo ya shule na jina la kila mhitimu. Advansi nimepewa, tarehe imekaribia, mbao niliyozoea imeisha, nikaenda yadi nikachukua mbao za inchi moja kwa nane zilizoshushwa kwenye lori muda siyo mrefu. Nikazipeleka kupiga randa. Sasa yule mzee wa randa, mtu wa Keko wa siku nyingi, akaokota maranda akayaminya kiganjani, yakabaki yameshikana donge, mbao kavu maranda yake yanachanguka. Akaniambia kijana, hii mbao bado inalia. Nikamjibu mzee, sherehe Jumamosi. Hakubishana, akaendelea na randa yake.

Nikaweka mezani, nikapiga kwa spidi ya kawaida, haikupita. Nikaongeza pawa. Haikupita. Nikashusha spidi, ikapita lakini ukingo mkaa mtupu na moshi umelala juu ya nembo. Sasa elewa kinachotokea pale, leza ya CO2, hii yetu ya tyubu, urefu wa wimbi la mwanga wake ni mikromita 10.6 na maji yanaunywa huo mwanga vizuri mno, kwa hiyo kabla haijakata nyuzi inachemsha maji kwanza, nguvu inaishia kwenye mvuke, na wewe ukiongeza pawa unaunguza pembeni bila kwenda chini. Mbao ilikuwa inaniambia kabisa. Mimi nikawa nabishana nayo kwa kuongeza asilimia. Nikakesha na msasa nikifuta masizi, nikapaka vanishi, vikapendeza, nikavikabidhi, nikalipwa, nikapongezwa.

Vile vibao vikaenda kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mbao mbichi ndani ya hewa kavu, unajua mwenyewe. Mwalimu akanipigia kwa upole tu, mwanangu pita shuleni ukiwa na nafasi. Nikafika, akachukua kibao akakilaza juu ya meza, akakibonyeza kona kwa kidole, kikabembea. Kingine kimepasuka kwenye ncha ya chini ya ngao, pale penye wembamba, kufuata nyuzi. Kisha akanionyesha kile cha mhitimu bora, jina lilipita juu ya jicho la mbao, pale tawi lilipoota, utomvu umetoka kupitia vanishi, unanata, vumbi limeganda katikati ya jina la mtoto. Hakunigombeza. Akasema tu wazazi wake wamekuja kukichukua jana, nikawaambia bado hakijakamilika. Ile sentensi nilitembea nayo mpaka kituoni. Nilirudia vyote kwa mbao kavu kwa gharama yangu, na hela siyo kilichoniuma, kilichoniuma ni kwamba mzee wa randa alishaniambia.

Kwa hiyo nunua kipimo cha unyevu, kile cha sindano mbili. Mimi nataka isome chini ya asilimia 12, ikizidi napanga mbao kwa vijiti katikati hewa ipite. Huna kipimo? Pima kipande kwa mzani wa jikoni kila siku, uzito ukiacha kushuka ndo imetulia. Na utomvu wa paini hautulii kwa kuanikwa peke yake, unataka tanuru lenye joto la kutosha, kwa hiyo jina la mtu usilipitishe kwenye jicho hata mbao iwe kavu vipi.

3. Mbao iliyopinda ishike kwa sumaku au vibanio kabla hujaweka fokasi, pima katikati na kona zote.

4. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi kabla ya kuchonga, moshi ubaki kwenye tepu.

5. Kompresa ya kupuliza hewa iwe imewashwa wakati wa kukata, na lenzi ifutwe kila siku ya paini maana utomvu unapanda na moshi. Umeme ukikatika katikati ya kazi fungua kifuniko, toa mbao, angalia kama kuna kaa linawaka, feni na kompresa vimezima vyote hapo na moshi wote unatua kwenye lenzi yako. Trei ya chini isafishe, ile mabaki ya utomvu inashika moto kirahisi. Na usiiache mashine inakata wewe uko kwa mama ntilie, hata kama ni mbele ya mlango.

6. Wenye leza za dayodi, zile za mwanga wa bluu, miwani ile iliyokuja na mashine hakikisha imeandikwa namba ya wimbi la mwanga wenu, nanomita 445 mpaka 455. Miwani ya jua siyo miwani.

7. Mbao za dawa, zile za kupaulia zenye ukijani, usiweke kwenye leza kabisa. Nyingi dawa yake ina shaba, kromiamu na aseniki, ukichoma inaenda kwenye moshi na kwenye majivu unayofagia. Mteja akileta mabaki ya paa lake anataka kibao cha ukumbusho wa nyumba, najua linagusa moyo, mkatalie, mwambie utamtafutia paini safi uifananishe rangi na ya paa lake kwa wino wa mbao. Ukishindwa kuitambua, kata kidogo kwa msumeno ncha ya mbao uone ndani, mara nyingi dawa inaonekana imeingia kutoka nje kwenda katikati. Na ukiwa bado na mashaka, iache.