Banda la Farasi Lianze na Upepo

Michoro mingi ya mabanda ya farasi inayopatikana kwa urahisi imetoka Ulaya na Marekani, ambako baridi ndiyo inayomsumbua mjenzi. Anayeichukua ilivyo na kuijenga Kigamboni au Bunju, hapa Dar es Salaam, hupata jengo la kupendeza ambalo, ifikapo saa nane mchana wa mwezi Januari, limekuwa tanuri. Katika miaka niliyotunza farasi pwani hii nimeamini kwamba jambo la kwanza la kuamua, kabla ya idadi ya vyumba na aina ya tofali, ni mwelekeo wa jengo.

Kwetu kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kusi hutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Kwa hiyo banda refu linyooshwe kutoka mashariki kwenda magharibi, ili pande zake ndefu zipokee pepo zote mbili na jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi tu. Kuta ndefu zijengwe kwa tofali hadi mita 1.4 hivi, na juu yake pasimamishwe nondo zisizoachana zaidi ya sentimita 7, kwato isije ikapenya. Paa lisipungue mita 3 kutoka sakafuni, liachiwe mwanya mgongoni wa kutolea hewa ya moto, na litokeze nje ya ukuta angalau mita moja na nusu, kwa sababu mvua ya masika huja kwa ubavu. Bati jeupe linafaa. Makuti yana ubaridi ambao bati halina, nami nayapenda sana, lakini siwezi kumshauri mtu ayaezeke juu ya nyasi kavu na wanyama waliofungiwa. Yakishika moto, hapatakuwa na muda wa kufungua milango.

Uwazi huo huingiza pia usubi, wadudu wadogo waenezao ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua. Usubi huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na hawana nguvu ya kuruka kwenye upepo. Ndiyo maana napendekeza wavu wenye matundu madogo sana unaoshushwa jioni na kukunjwa asubuhi, pamoja na feni kubwa iliyofungwa juu, nyaya zake zikiwa ndani ya bomba mbali na meno ya farasi na ya panya.

Chumba cha farasi mkubwa kiwe mita 3.6 kwa 3.6, apate kulala na kugeuka bila kukwama ukutani. Sakafu ya zege, iliyokwaruzwa ili isiteleze, iinamie kidogo mfereji ulio nje ya chumba, kisha itandikwe mpira mzito na maranda makavu juu yake. Kuhusu hewa, kipimo changu ni kimoja: alfajiri, kabla ya usafi, chuchumaa katikati ya chumba, pua yako iwe pale inapokuwa pua ya farasi aliyelala. Macho yakiwasha, hiyo ni amonia ya mkojo, na mtu aliyesimama mlangoni anaweza asiitambue kabisa. Hapo mwinamo au upitishaji wa hewa una kasoro, na kuongeza maranda hakutaiondoa.

Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na kwenye joto letu huweza kuzidisha. Tangi jeusi lililoanikwa juani huyafanya maji kuwa moto, farasi akayanywa kidogo, na farasi anayekula nyasi kavu bila maji ya kutosha yumo hatarini kufungika tumbo. Naye hawezi kutapika. Tangi liwekewe kivuli, na bomba lifike kila chumba, kwa kuwa mtunzaji anayebeba ndoo siku nzima atachoka, na akichoka farasi ndiye atakayekosa.

Hori nalo liwe pana na la chini, lenye sakafu ngumu pembeni yake, kwani farasi anayeokota nyasi kwenye mchanga wa pwani humeza mchanga unaomletea maumivu ya tumbo. Stoo ya nyasi iwe jengo la peke yake, marobota yakipangwa juu ya chaga, kwa maana unyevunyevu wa Dar es Salaam huotesha ukungu upesi. Stoo ya nafaka ifungwe kwa kufuli. Samadi iwekwe upande wa magharibi, ambako pepo zetu kuu hazitarudisha harufu wala nzi bandani.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisiwe mahali panapofikiwa na meno. Milango iwe na upana wa mita 1.2, ifunguke kwa nje au iende kwa reli, na kila mmoja uwe na komeo mbili, ya juu kwa mkono na ya chini ya kusukuma kwa mguu. Komeo hizo na bawaba zake ziwe za chuma kisichoshika kutu, hasa kwa aliye karibu na bahari, kwa sababu komeo iliyoganda kwa chumvi haifunguki usiku wa dharura.