Miaka 150 sawa, ila nani atabaki wa kunibishia?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kwamba ikipatikana dawa ya kumfikisha mtu miaka 150 akiwa na nguvu zake utaimeza au utaikataa, limenigusa pabaya. Habari ya magoti na macho nawaachia wengine. Kuna yule tajiri wa Marekani, Bryan Johnson, anamwaga mamilioni ya dola asizeeke, hadi 2023 alijiwekea plazma ya damu ya mwanawe. Haya, tuseme wamefanikiwa. Hiyo miaka unaishi na nani?

Babu yangu mzaa mama, wa Pangani, alifika tisini na kitu, masikio mazima, msikitini anakwenda kwa miguu yake. Alikuwa na rafiki yake, walikata mkonge pamoja ujanani huko upande wa Muheza, na kila baada ya alasiri utawakuta barazani na bao lao wanabishana mpaka magharibi. Babu akianza kusimulia siku waliyogoma shambani mwenzie anadakia, "Muongo mkubwa wewe, siku hiyo ulilala na homa, nani alikuona?" Basi hapo vurugu, kete zinasahaulika.

Yule mzee akafariki. Arobaini ilipopita wajukuu tukawa tunapeana zamu ya kucheza na babu. Binamu yangu mmoja ni fundi wa bao kwelikweli lakini kwa babu kila siku anafungwa, anaona vibaya kumfunga mzee aliyefiwa, na babu anamwona. Siku moja wako kwenye namua tu, yaani mwanzo wa mchezo, babu akakusanya kete zote akazirudisha mfukoni, akasema, "Nyie mnacheza na mzee. Yule alikuwa anacheza na mimi." Hakucheza tena. Na kilichoniuma zaidi ni zile hadithi, maana sasa akisimulia mgomo sisi tunaitikia tu ndiyo babu, ndiyo babu, halafu anakatisha katikati anatuuliza, "Hivi ilikuwa hivyo kweli?" Nani amjibu?

Yule mama wa Ufaransa, Jeanne Calment, ndiye mwenye umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa, alifariki 1997 akiwa na miaka 122. Watu wanamsifia hiyo namba. Mwanawe wa pekee alimzika 1934, mjukuu wake wa pekee akafa kwa ajali ya gari 1963, kisha yeye akaishi miaka 34 mingine.

Kwa hiyo nilikaa kuandika nikiwa na jibu moja, hapana. Ila nikimwangalia babu vizuri, umri haukumtesa, alichoteseka nacho ni kubaki peke yake. Yule rafiki yake angepata dawa hiyohiyo si wangekuwa wanaitana waongo mpaka leo?

Basi niandikieni nitameza, lakini kwa masharti. Igawiwe kwa rika zima, mke wangu, dada zangu, majirani, hata wale tusioelewana, tena kwa bei ya panadol. Wanaosema ni kushindana na Mungu siwaelewi, ajali iko palepale, una miaka 140 na bodaboda itakugonga tu. Vijana nao watapata lini nafasi kama sisi hatuondoki, hilo linanisumbua na sina jibu lake. Na kama itakuwa ya matajiri wachache, au nipewe mimi peke yangu hata bure, msinihesabu.