Visa vya kutokwa na damu vimeongezeka kwenye rejesta: je, mradi wetu wa wodi ya wazazi umeshindwa?

Ndugu mwuliza swali, unasema mmeanza kupima kiasi cha damu anayopoteza kila mama anapojifungua, na sasa, baada ya miezi mitatu, rejesta inaonyesha visa vingi vya kutokwa na damu kupita kiasi baada ya kujifungua kuliko zamani, hata mganga mfawidhi anataka mradi usimamishwe. Nawasihi msiusimamishe, kwa maana hapo mlipo nimepita mimi mwenyewe.

Mimi ni muuguzi mkunga. Katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi tulizoea kukadiria damu kwa macho: nyingine ilinywewa na kanga alizokuja nazo mama, nyingine ikaishia kwenye ndoo, na mkunga anayekimbilia kitanda cha pili aliandika "300", yaani mililita, karibu kwa kila mtu. Usiku wa kwanza wa kutumia mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaotandikwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa, nilimhudumia mama aliyekuwa akizungumza vizuri na kuulizia uzito wa mwanawe, ilhali damu ilikwisha kuvuka alama ya 500, kiwango ambacho huhesabiwa kuwa ni kutokwa na damu kupita kiasi. Bila mfuko ule ningeandika 300. Mama wa namna hiyo walikuwapo miaka yote, ila hawakuhesabiwa.

Kwa hiyo idadi ya visa haifai kuwa kipimo chenu kikuu. Angalieni kwanza kama kazi inafanyika: kati ya waliovuka 500, wangapi walikandwa mfuko wa uzazi, wakapewa oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamu (dawa ya kusaidia damu kuganda) na dripu, na wakachunguzwa chanzo cha damu, tena ndani ya dakika ngapi. Kisha angalieni waliovuka 1000 na waliopelekwa upasuaji, kwa asilimia ya waliojifungua kwa njia ya kawaida, kwa sababu miezi hailingani kwa idadi ya wazazi. Vifo ni lazima vihesabiwe kimoja kimoja, lakini katika hospitali moja ni vichache mno kuweza kupima mradi wa miezi mitatu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha sura hiyo hiyo: palipotumika mfuko wa kupimia damu pamoja na matibabu ya haraka, visa viligunduliwa kwa asilimia 93 badala ya 51 ya huduma ya kawaida, na waliovuka 1000, kufanyiwa upasuaji wa tumbo au kufariki kwa sababu ya damu walikuwa asilimia 1.6 badala ya 4.3.

Kosa letu lilikuwa kutokuwa na takwimu za kuaminika za kabla ya mradi. Ninyi bado mnaweza kuzipata katika rejesta zisizotegemea jicho la mkunga, yaani ya chumba cha upasuaji na ya maabara, inayoonyesha damu iliyotolewa kuongezewa wagonjwa. Rudini nyuma miezi 12, mkikumbuka kutia alama miezi ambayo benki ya damu ilikuwa tupu, kwani hapo waliohitaji damu hawakuipata. Tenganisheni pia zamu ya usiku na ya mchana, maana kwetu asubuhi, muuguzi kiongozi akiwapo, kila kitu kilijazwa.

Mifuko ilipoisha stoo kwa wiki kadhaa, visa kwenye rejesta yetu vilishuka, nasi tukapongezwa kikaoni. Nilisimama nikiwa na rejesta ya maabara mkononi, nikawasomea uniti za damu zilizotolewa kwa wodi yetu katika wiki hizo hizo: hazikuwa zimepungua hata kidogo.